Mwaka wa Boti ya Faustin

Jumamosi iliyopita Faustin alisimama kwenye harusi ya binti yake Neema, katika ukumbi mmoja wa Granville, hapa Sydney, wenye viti mia mbili na arobaini. Nilivihesabu kabla watu hawajaingia, nikavihesabu tena baada ya sala, kwa sababu mwenye ukumbi alitutoza vya mia mbili na sitini. Faustin alishika kipaza sauti, na badala ya kuwashukuru wakwe kama baba wengine, akaninyooshea mimi kidole. "Munamuona ule mutu?" alisema kwa Kiswahili chake cha Uvira, kule Kongo. "Ule ndiye alinilindia watoto. Kama si yeye, leo hakuna bibi harusi." Kisha akaisimulia hadithi ya boti yote, na mikono yake ikiwa usukani. Vigelegele vikapigwa. Mama mmoja nisiyemjua akaniongezea paja la kuku kwenye sahani. Nililila, maana kitu cha bure sikikatai, lakini lilishuka kooni kama limeviringishwa mchangani. Hadithi aliyoisimulia ilikuwa nusu. Nusu ya pili nilikuwa nayo mimi, na nilikuwa nimeikalia miaka yote hiyo, hata walipohamia Queensland na boti yao nikabaki nikipungia trela mkono.

Wanaoandika maisha yao huanza na ukoo. Mimi ya ukoo nayaacha. Kambi ya Kigoma, foleni ya unga, miaka ya kusubiri jina lisomwe, hayo kila Mrundi wa hapa Sydney anayo, na yangu hayana nakshi ya kumfanya mtu ayalipie. Ninaandika mwaka mmoja tu, mwaka wa pili wa korona, nilipokuwa na miaka arobaini na moja. Utasema umri huo si ujana. Kwangu ulikuwa. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kutaka kitu ambacho hakuna aliyekihitaji, hata mimi mwenyewe, na sijui ujana una maana gani nyingine. Nilitaka boti ya kuvulia besi. Besi ni samaki wa mito ya huku, wa rangi ya shaba, mbishi, anayeng'ang'ana na ndoano kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha katika nyumba ya wazee alikuwa na picha za boti yake ukutani: bapa, imetandikwa zulia juu, viti viwili vinavyozunguka kama vya kinyozi, mashine ndogo ya umeme puani, injini kubwa nyuma. Nilimpaka mafuta miguu huku nikiitazama ile injini. Nilikaa miezi kadhaa nikisoma na kuuliza, nikajaza daftari maswali sitini na mawili. Swali ambalo sikuliandika ni wapi ningeiweka, maana nilikaa chumba kimoja juu ya duka la simu, na mahali pangu pa kuegesha palikuwa ngazi.

Jumuiya yetu iliniita Bwana Punguza. Mtu akitaka friji, gari au mashine ya kufulia iliyotumika, alinipitia tukaenda pamoja. Nilikuwa na utaratibu wangu, niliutoa sokoni Kigoma na sikuwahi kuubadilisha. Kuna bei ya mdomo na kuna bei ya kidole. Kwanza unaitukana bidhaa kwa jumla, mnavutana, unaondoka, muuzaji anakuita, mnakubaliana. Hiyo ni bei ya mdomo. Hapo ndipo unapoinama sasa, unagonga, unavuta, unanusa, na kila kasoro inayoguswa na kidole inaishusha bei mara ya pili. Ukianza na kidole umeonyesha kwamba unataka, na anayeonekana anataka hupigwa bei. Faustin hakuwa na utaratibu wowote. Alikuwa dereva wa mashine ya kupakia mizigo katika ghala, akiishi Rooty Hill na mkewe Mama Neema na watoto watatu. Ukimwambia kitu ni kumi, alitoa kumi na kukuuliza habari za nyumbani. Nilimpenda kama ndugu, na nilikuwa nikimhurumia. Tulipokwenda Macquarie Fields kuiona boti niliyoikuta kwenye matangazo ya simu, nilimchukua kwa sababu gari lake lilikuwa na ndoano ya kukokotea trela.

Muuzaji alikuwa Mzungu mwenye kaptula, anaitwa Glen. Boti ilikuwa kwenye gereji, nyuma yake imesukumwa hadi ukutani, hapapenyi hata paka. Sikujali; nyuma ni mambo ya kidole. Nilizunguka pande tatu. Ilikuwa nzuri. Niandike wazi, kwa kuwa siku ile sikusema: ilikuwa nzuri hata meno yaliniuma. Kijani iliyoiva, tangi la kuwekea samaki hai, kiti cha mbele kimechanika kidogo tu. Alitaka elfu kumi na moja.

"Saba," nikasema.

"Ni kumi na moja."

"Zulia limechoka. Matairi ya trela yana nyufa. Kiti hiki kimekaliwa na mbwa."

"Mbwa mzuri," akasema Glen. "Ni kumi na moja."

"Kwa kitu hiki, hata ukinipa bure nitaomba siku mbili za kufikiri."

"Basi kafikiri, rafiki."

Nikaondoka. Toka gereji mpaka getini ni hatua kumi na tisa. Sokoni kwetu muuzaji hukuita kabla ya ya kumi. Kwenye ya kumi na tano nilipunguza mwendo. Kwenye ya kumi na tisa niliinama kufunga kamba za viatu, nikakumbuka nimevaa ndala. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gereji ukishushwa. Mwaka ule watu hawakuweza kupanda ndege, fedha za likizo zikageuka boti na mahema, na wauzaji walikuwa wamesahau kuita. Garini Faustin aliuliza, "Hajaita?" Nikamwambia ataita, namba yangu anayo. Jioni aliyepiga alikuwa Faustin. "Kaka, ile boti kweli huitaki?" Mpaka leo sijui kwa nini nilimjibu nilivyomjibu, isipokuwa kwamba mpunguzaji havui vazi la kazi hata mbele ya rafiki yake, neno husafiri. Nikasema, "Ile? Hata bure." Akauliza, "Hata bure?" Nikasema, "Hata akinitilia mafuta."

Siku ya pili saa sita mchana picha iliingia kwenye simu. Boti ya kijani, mbele ya nyumba ya Faustin, watoto wakiwa juu yake. Alikuwa amelipa kumi na moja kamili, na akampelekea Glen katoni ya bia kwa usumbufu. Nilimpigia. "Bon," alisema, na furaha ilimjaa hata hakusikia sauti yangu, "si ulisema huitaki? Mi nilizani nikukute nayo, tuende sisi wote. Njoo Jumamosi, Mama Neema anapika."

Nimewahi kuibiwa baiskeli, nimewahi kuachwa na mchumba siku ya kutoa mahari, lakini sikuwahi kuumwa namna ile. Wivu si kama hasira, hasira huchoka. Wivu ulikuja nami kazini, ukashika kijiko nilipowalisha wazee uji. Nilihesabu vitu vya Faustin kana kwamba ni mrithi wake: mke mmoja, watoto watatu, mahali pa kuegesha magari mawili, ndoano ya trela, na sasa boti. Nikahesabu vyangu. Nikavihesabu tena, kwa kuwa mara ya kwanza hesabu iliisha haraka mno. Kilichonichoma zaidi si kwamba aliipata. Ni kwamba aliipata kijinga. Mtu asiyegonga, asiyenusa, asiyejua hata swali moja kati ya yale sitini na mawili, alinyoosha mkono akapewa.

Jumamosi nikaenda. Jiko la Mama Neema lilikuwa dogo, dirisha lake likitazama pale pa kuegesha. Alikuwa ametwanga sombe ya majani ya muhogo kwa mawese na ndagala, dagaa wa ziwani, samaki wamekaangwa mpaka mikia ikavunjika kama biskuti, na ugali umefunikwa kwa sahani. "Shemeji, karibu," alisema, "nenda ukaione boti yenu, mimi namalizia." Yenu! Nikatoka. Boti ilikuwa imeingizwa kwa pua, nyuma ikitazama barabara, na kwa mara ya kwanza nikauona ule ukuta wa nyuma, unaobeba injini. Huko nje ni faiba laini inayong'aa, lakini ndani yake kuna mbao, na maji yakipenya kwenye matundu ya bolti, mbao huoza kimyakimya huku ngozi ikibaki nzuri. Ukuta huo ukioza, siku moja katikati ya mwendo injini huchomoka na kuondoka na mgongo wa boti, na maji huingia yote kwa mara moja. Lilikuwa swali la nne katika daftari langu. Nikakunja kidole, nikagonga pembeni: ko. Nikagonga katikati, chini ya injini: pu. Kama kugonga godoro. Nikagonga tena palepale, ikatoka sauti ileile.

Niandike na hili. Nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka miguuni kama maji ya moto. Kumbe Mungu anahesabu!

"Uko na neno, kaka?" Faustin alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya kunawa.

"Hapana. Naangalia rangi."

"Rangi ni nzuri."

"Nzuri," nikasema, tukaingia kula. Nilikula sana. Nilijiambia nitamwambia baada ya chakula, kisha baada ya chai, kisha kwenye simu, na kabla ya Jumamosi nyingine Sydney ikafungwa.

Watu wameandika mengi juu ya lokdauni ile. Mimi naikumbuka kama zawadi. Upande wetu wa magharibi tulifungwa kuliko wote, kilomita tano kutoka nyumbani na si zaidi, na boti isiyoweza kwenda mtoni haiwezi kumzamisha mtu. Kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya serikali kunyamaza. Nilikwenda kazini, nikachomekwa kijiti puani, nikarudi, nikalala. Lakini Jumapili kanisa lilikuwa kwenye simu, kila familia kwenye kidirisha chake, na Faustin, kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo na watoto wamechoka na kuta, akaanza kusali akiwa botini. Wote watano walikaa pale nje, Faustin kwenye kiti cha kuzunguka, Mama Neema kwenye zulia amejifunika kitenge, wadogo wakila chipsi wakati wa maungamo. Kanisa zima likawapenda. Watu walikuwa wakiingia mapema waone boti. Mchungaji alihubiri safina wiki tatu mfululizo. "Tazameni familia ya ndugu Faustin," alisema, "mvua haijanyesha na wao wameshaingia!" Vidirisha vyote vikacheka, na mimi kwenye changu, juu ya duka la simu, nikacheka. Nilikuwa mshirika pekee aliyejua kwamba safina imeoza, na hata hivyo, niseme nini, niliwaonea wivu. Ningekaa kwenye ule ubovu pamoja nao kwa moyo wote.

Baada ya ibada moja alinipigia. Tuliongea bei ya nyanya, tukaongea dada mmoja wa kanisani aliyelazwa kwa korona. Kisha akauliza: "Kaka, uko na neno?" Nikamwambia nimechoka tu. "Sawa," alisema. "Ukipata neno, niko hapa. Mi sitoki, wamenifunga." Nilipokata simu nilifungua daftari nikalitazama swali la nne, nikalifunga. Nilikuwa nimeanza kutafuta boti nyingine, kubwa kuliko yake. Bei zilikuwa zimepanda mpaka Glen akaonekana mtu wa sadaka.

Walipotufungulia, Faustin hakusubiri hata wiki. Jumamosi ya kwanza tulikuwa Penrith, kwenye mteremko wa kushushia boti mto Nepean. Asubuhi ya jua, maji yametulia, kuku wa kuchoma kwenye karatasi za aluminiamu. Nyuma yetu magari matano ya Wazungu yakisubiri zamu, na Faustin akirudisha trela nyuma kama mtu anayejaribu kuvaa shati kwa mguu. "Dad, other way!" alikuwa akiita Neema, aliyekuwa na miaka kumi na sita na aibu ya watu wote watano. Nilisimama kando nikiwa na sanduku la barafu. Usiku wote nilikuwa nimejipangia maneno ya kujitetea: labda ukuta utashika, labda mwendo utakuwa mdogo, labda nilisikia vibaya. Mama Neema alikuwa akigawa makoti ya uokozi. Niliyahesabu, kwa mazoea tu. Sita. Wao ni watano. Nikahesabu tena. Sita.

"Lako hili, shemeji," alisema. Lilikuwa kubwa kuliko mengine, na mgongoni, kwa kalamu nene, Neema alikuwa ameandika PUNGUZA. "Tulilinunua ile wiki boti ilifika. Limekungoja kwenye kabati."

Matairi ya trela yalikuwa yameshagusa maji. Faustin akasimamisha gari. Akashuka, akapita kando ya boti bila kuitazama, akaja mpaka niliposimama. Dereva mmoja nyuma akapiga honi. Faustin hakugeuka. "Uko na neno, kaka?"

"Usiishushe," nikasema.

Nikaenda nyuma ya boti, nikagonga mbele ya watoto wake, ko na pu, na mwenye honi naye akashuka kuja kusikiliza. Nikamweleza Faustin mambo ya mbao. Na aliponiuliza nimejuaje, mdomo wangu, uliozoea kazi yake, ukatoa bei ya chini kabisa: "Nimeisikia sasa hivi." Wiki ile fundi alichoma bisibisi pale katikati, ikaingia mpaka mpini kama kwenye muhogo uliochemka. "Mlikuwa na watoto humu?" aliuliza, na Mama Neema akatoka nje ya karakana. Fundi alitaka elfu tatu na mia mbili. Nilimshusha mpaka mbili na mia tano, na Faustin akanikumbatia, na kuanzia siku hiyo nikawa mtu aliyewalinda watoto. Mwezi wa pili tulivua besi wanne. Wawili walikuwa wangu. Sikuona raha ya hata mmoja.

Ndiyo hadithi aliyoisimulia Jumamosi. Keki ilipokatwa nilimkuta nje, kwenye maegesho, amelegeza tai, anapunga upepo kwa kadi ya mwaliko. Alasiri ilikuwa na joto. Nilimwambia, "Faustin, ile hadithi yako ina kasoro."

"Gani?"

"Sikuisikia mtoni. Niliisikia kwako, ile siku ya sombe. Nikanyamaza."

Aliendelea kujipepea. "Miezi mingapi?"

"Minne kasoro siku tatu. Nimehesabu mara mbili."

"Mama Neema alikuona kwa dirisha," alisema. "Akaniambia: Punguza amegonga mara tatu. Ule mutu kila kitu ni mara mbili, leo amegonga mara tatu, amesikia kitu."

Ndani muziki ulikuwa umeanza. Nilitaka kukaa, hapakuwa na pa kukaa isipokuwa kwenye gari la watu. "Ulijua?"

"Nilijua uko na neno. Neno gani, sikujua. Nikauliza."

Aliuliza. Niliyahesabu maulizo yake palepale: mlangoni na bakuli la maji, kwenye simu, mtoni na honi nyuma yake. Mara tatu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemlaani Glen kwa kutoniita hata mara moja, na huku kuna mtu aliniita mara tatu nikadhani ananisalimia.

"Na leo umenisifu mbele ya watu mia mbili."

"Mia mbili na arobaini, umesema weye. Ulisema kabla ya maji, kaka. Mi sipunguzagi."

"Na nisingesema?"

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kila alichoulizwa, kwa bei yake kamili. "Ningesema nimesahau ufunguo wa injini. Tungekula kuku pale kwa majani, tungerudi nyumbani. Jumatatu ningepeleka boti kwa fundi."

"Na mimi?"

Akarudisha tai yake mahali pake, maana mpiga picha alikuwa akimwita.

"Wewe," alisema, "ningekuwa nakusalimia vizuri sana kanisani, basi."